Kumtoa Mjomba Nje Hakutoshi



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike maneno machache juu ya ubaguzi. Nimekubali, lakini kwa sharti kwamba sitaandika juu ya ubaguzi wa matusi, ule wa mtu kukutolea maneno machafu ndani ya treni ya chini kwa chini au kuchora upuuzi ukutani. Huo kila mmoja wetu anaujua, na una sheria zake na mahakama zake. Mimi nataka kuzungumza juu ya ule wa kimya kimya, ambao mwenye kuufanya hajui kama anaufanya. Ukimwuliza ataapa kwa Mungu kuwa hana, wala hatakuwa amesema uongo. Nitauita upendeleo tusioujua, kwa kuwa sijapata jina jingine lililo bora.

Asili yake si ubaya wa moyo. Binadamu kila siku huamua mambo mengi mno, na lau angelipima kila moja kwa mizani asingetoka nyumbani. Basi akili hukata njia ya mkato: hutazama sura, husikia jina, husikia sauti, ikakwisha kuamua kabla mwenyewe hajaketi kufikiri. Daniel Kahneman na mwenzake Amos Tversky walianza kuichunguza njia hii ya mkato tangu miaka ya 1970, na Kahneman alikuja hapa hapa Stockholm mwaka 2002 kupokea tuzo ya uchumi kwa kazi hiyo (Tversky alikuwa amekwisha kufariki). Aghalabu njia ya mkato hutufikisha salama. Taabu huanza inapopita juu ya mkate wa mtu.

Hapa Uswidi jambo hili limepimwa. Kati ya mwaka 2005 na 2006 wataalamu wawili wa uchumi, Magnus Carlsson na Dan-Olof Rooth, walituma maombi ya kazi kwa waajiri wa Stockholm na Göteborg waliokuwa wametangaza nafasi. Kila mwajiri alipata barua mbili zenye kisomo na uzoefu ulio sawa. Moja ilikuwa na jina la Kiswidi, ya pili jina la mwanamume wa Mashariki ya Kati. Walioitwa kwa mazungumzo wenye jina la Kiswidi walikuwa kiasi cha mara moja na nusu ya wale wengine. Matokeo hayo yalichapwa mwaka 2007, na wengi wetu tuliposikia tulisema, “Sisi tulijua zamani.” Naam, tulijua.

Lakini lililokuja baadaye hatukulijua. Rooth aliwarudia baadhi ya waajiri wale wale, akawakalisha mbele ya kompyuta, akawapa jaribio ambalo wanasaikolojia wa Marekani, Anthony Greenwald na wenzake, walilitoa mwaka 1998. Katika jaribio hilo maneno na majina hupita mbele ya macho, nawe wabonyeza kushoto au kulia upesi uwezavyo. Mara jina la Kiswidi limewekwa upande mmoja na neno kama “hodari”, mara jina la Kiarabu ndilo lililowekwa upande huo. Mashine hupima ni wapi kidole kilisita, kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Rooth aliona, na alichapa mwaka 2010, kwamba waajiri ambao vidole vyao vilisita zaidi kuunganisha jina la Kiarabu na sifa njema ndio hao ambao, miaka ile, hawakumwita mwenye jina hilo. Kile ambacho mwajiri hakukisema, na huenda mwenyewe hakukifahamu, kilikuwa kimekwisha kutenda kazi mezani pake.

Nisiwadanganye. Jaribio hilo lina wapinzani wengi, na hoja zao zina uzito: mtu mmoja akilifanya leo na kesho aweza kupata majibu mawili mbalimbali. Si kipimo cha homa cha kumtia mtu kwapani tukasema huyu ana ubaguzi digrii kadhaa. Na tena si kila mahali upendeleo hujificha vidoleni. Watafiti walipolichukua jaribio kama hilo hadi Kananga, nchini Kongo, na kuchapa walichokiona mwaka 2015, walikuta kwamba watu huwapendelea wa kabila lao, lakini wakiulizwa waziwazi waliusema upendeleo huo kwa nguvu kuliko vidole vyao vilivyoonyesha. Yaani Mswidi humkuta mgeni akanyamaza huku kidole chasita, na sisi husema kwa sauti kubwa kuliko tulivyo. Nacheka kidogo ninapoandika hivi, maana nawajua jamaa zetu wanaosema katika kila harusi kwamba hawatamwoza binti yao kwa mtu wa mahali fulani, na mwishowe huwa wa kwanza kucheza ngoma.

Turudi kwenye majina, maana ndiyo yaliyotuuma wengi. Sisi tuliotoka Unguja, Pemba, Mombasa au Barawa tuna akina Mohamed, Salum, Abdalla na Fatma. Kwenye karatasi Mswidi husoma Mwarabu. Mtu akiingia mlangoni huona Mwafrika. Basi tunapimwa mara mbili kwa mizani mbili. Ndugu zetu Wakristo wa bara wana msiba wao mwingine. Daniel au Anna ni majina ya Kiswidi kama ya mtu yeyote, kwa hiyo simu hulia, sauti huwa tamu, miadi huwekwa. Kisha mlango hufunguliwa, na kuna ile nukta moja ya uso wa mwenye ofisi kabla tabasamu halijarudi mahali pake. Kijana mmoja wetu, mhandisi, ameniambia kuwa amekwisha kuijua nukta hiyo kama mvuvi ajuavyo upepo, na kwa urefu wake hutambua kama apoteze muda kuketi au la.

Wapo waliochagua kubadilisha jina. Mahmood Arai na Peter Skogman Thoursie wa Chuo Kikuu cha Stockholm walifuatilia wahamiaji kutoka Asia, Afrika na nchi za Waslavi ambao katika miaka ya 1990 walitwaa majina ya ukoo ya Kiswidi au yasiyo na kwao, wakakuta kwamba mapato yao yaliongezeka kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 2009. Tangu tarehe 1 Julai 2017 maombi ya kubadilisha jina hupelekwa ofisi ya kodi, na sheria yenyewe imelegezwa. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwani mtoto hali jina. Lakini kwa upande wangu jina la babu si koti la baridi, la kuvuliwa mlangoni na kutundikwa.

Hadi hapa najua msomaji ametikisa kichwa kwa kuafiki. Sasa naomba anivumilie, kwa sababu sikushika kalamu ili niwaseme Waswidi peke yao. Nyani haoni kundule.

Tazameni mikutano yetu. Sisi ni watu wa mahali pengi: Visiwani, Mwambao, Dar es Salaam, Bukoba, Kampala, Bujumbura, Bukavu. Kinachotuunganisha ni Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho tunapimana. Akisimama mtu wa Unguja akasema jambo la kawaida, ukumbi husema, “Ahsante mzee, umenena.” Akisimama ndugu yetu wa Bukavu akasema jambo la maana kweli kweli, lakini akaanza kwa “niko na neno moja”, vijana nyuma hutabasamu, na wazee mbele hutazama saa. Hakuna aliyeamua kumdharau. Sikio ndilo lililoamua. Halafu unapofika wakati wa kumchagua katibu, mikono huinuliwa kwa yule mwenye lafudhi nzuri, na tunasema tumechagua uwezo. Nimefundisha Kiswahili kwa watoto wetu katika shule za hapa, katika masomo ya lugha ya nyumbani ambayo sheria iliyaweka tangu mwaka 1977, na nawahakikishieni kwamba kati ya lafudhi na akili hakuna undugu wowote. Mwanafunzi wangu aliyeandika barua bora kupita wote alikuwa wa Kikongo, na “niko na” yake alikuwa nayo mpaka alipomaliza shule.

Au tazameni vyumba. Foleni ya nyumba za kupanga hapa Stockholm ni ya miaka mingi, kila mmoja wetu anaijua, na kwa hiyo wengi tumeishi kwa kupangishwa na aliyepanga. Ali Ahmed na Mats Hammarstedt waliwahi kufanya jaribio la kuomba nyumba kwa majina matatu, wakalitoa mwaka 2008: mwanamke mwenye jina la Kiswidi alijibiwa zaidi ya wote, akafuata mwanamume wa Kiswidi, na wa mwisho akawa mwanamume mwenye jina la Kiarabu. Nasi je, tunapopata chumba cha kupangisha? Twasema, “Nataka mtu ninayemjua.” Neno hilo ni halali kabisa, na ndiyo njia ya mkato niliyoieleza juu. Tunayemjua ni nani? Ni mtoto wa yule tuliyekaa naye mtaa mmoja huko nyumbani miaka arobaini iliyopita. Mtoto mwenyewe hatujamwona tangu alipokuwa wa kubebwa. Tunachokijua ni jina.

Habari ya posa nitaipita. Kila nyumba ina mlango wake, nami sitaki kufukuzwa kwenye pilau.

Jambo hasa lililonifanya niandike ni Mfuko wetu wa Masomo. Tunaujua: kila familia hutoa ada yake, na kila mwaka kamati ya watu watano husoma barua za vijana wanaoomba msaada wa vitabu, wa nauli, au wa karo kwa nduguze waliobaki nyumbani. Tunajivunia kanuni moja, na tunaitaja kila mkutano mkuu: mjumbe wa kamati akiwa na ndugu yake miongoni mwa waombaji, hutoka nje. Nimemwona kwa macho yangu mzee mwenye heshima zake akisimama ukumbini penye makoti na viatu vya theluji, akisubiri aitwe. Ni kanuni njema. Lakini fungueni vitabu vyetu vya miaka iliyopita, kurasa za Mfuko, msome majina ya ukoo yanavyorudi na kurudi. Halafu tafuteni familia za Kikongo na za Kibarawa, ambazo hulipa ada ile ile. Mtatafuta sana. Familia mbili zimeacha kulipa, na hapana aliyekwenda kuwauliza kwa nini.

Najua jibu litakalotolewa: mjomba alitoka nje, wakaamua wengine, basi upendeleo uko wapi?

Uko pale pale, na mfano wake ulipatikana katika mji huu huu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uswidi lilikuwa likitoa fedha za utafiti kwa madaktari wa falsafa waliomaliza masomo karibuni. Mwaka 1995 waliomba watu 114, wanaume 62 na wanawake 52. Nafasi zilikuwa 20, zikaenda kwa wanaume 16 na wanawake 4. Wanasayansi wawili wa Göteborg, Christine Wennerås na Agnes Wold, wakataka kuziona alama ambazo wajumbe waliandika. Baraza likakataa. Walakini nchi hii ina sheria ya uhuru wa uchapaji tangu mwaka 1766, ambayo humpa raia haki ya kusoma karatasi za serikali. Mabibi wale wakaenda mahakamani, na mahakama ikasema karatasi zitolewe.

Wakachukua kazi zilizochapwa za kila mwombaji, wakazihesabu na kuzipima, wakazilinganisha na alama alizopewa. Waliyoyakuta yalichapwa katika jarida la Nature mwezi wa Mei 1997, na dunia nzima ikayasoma. La kwanza ni kwamba mwanamke, ili apewe alama ya uwezo sawa na mwanamume wa wastani, ilimlazimu awe amefanya kazi mara mbili na nusu kumzidi. Hilo ndilo lililovuma. Lakini la pili ndilo linalotuhusu sisi. Mwombaji aliyekuwa na uhusiano na mjumbe mmoja wa kamati alipata alama zaidi, na nyongeza hiyo ilikaribia kulingana na kile alichopunguziwa mwanamke kwa kuwa mwanamke. Na Baraza lilikuwa na kanuni kama yetu! Mjumbe mwenye uhusiano hakuruhusiwa kumpa mtu wake alama. Waliomwongezea ni wale wengine, wasio na uhusiano naye kabisa, kana kwamba walitaka kumfidia mwenzao aliyenyamaza.

Someni tena sentensi hiyo. Mjomba yuko nje penye makoti, na waliobaki ndani wanamjua mjomba. Wanajua watakunywa naye chai baada ya dakika kumi. Wanajua ni mtu mwema, na mtoto wa mtu mwema lazima atakuwa mwema. Barua ikisomwa, makosa yake huonekana madogo, na makosa ya barua ya mtoto wasiyemjua huonekana makubwa. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyekonyeza jicho. Huko nyumbani tuliwahi kuita mambo haya undugunaizesheni, tukacheka, tukidhani ni shughuli ya wakubwa wenye hila. Kumbe hila si lazima. Adabu peke yake yatosha.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayonipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Baada ya fedheha ile Waswidi walianza kuhesabu wanaume na wanawake katika kila kamati na kila tuzo. Kisha Ulf Sandström na Martin Hällsten wakalipima tena jambo lile lile kwa maombi ya mwaka 2004, wakachapa mwaka 2008. Ile hasara ya kuwa mwanamke ilikuwa haionekani tena. Lakini ile faida ya kujuana ilikuwa ipo bado, haikutikisika. Watu walikuwa ni Waswidi wale wale, wenye kisomo kile kile na nia njema ile ile. Kilichohesabiwa kila mwaka kiliondoka, kisichohesabiwa kikabaki. Hapo ndipo ninapopingana na wale ndugu zetu wanaotaka tulete mtaalamu atuhubirie juu ya kusafisha mioyo. Mhubiri aje, chai tutampa. Lakini moyo hatuuoni. Karatasi twaiona.

Wala dawa yake si ngeni kwetu. Tuliosoma nyumbani twaikumbuka namba ya mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, humtaka mtahiniwa aandike namba yake katika kila ukurasa wa karatasi ya majibu, siyo jina. Msahihishaji akaye mbali hajui kama huyu ni mtoto wa waziri au wa mchukuzi. Nasi kila siku hapa Stockholm twaingia duka la dawa tukachukua karatasi ya namba mlangoni, tukangoja, na hakuna anayenung'unika, maana namba haina ukoo. Mimi katika kusahihisha insha za watoto nilikuwa na desturi ya kukunja pembe ya karatasi penye jina, na kuikunjua baada ya kuandika alama. Wazazi wengine waliona ni vitimbi vya mwalimu.

Lakini nisiizidishie sifa dawa hii. Mji wa Göteborg, katika baadhi ya mitaa yake, ulijaribu kuficha majina ya waombaji kazi tangu mwaka 2004 hadi 2006, na Olof Åslund na Oskar Nordström Skans wakayapima matokeo. Majina yalipofichwa, wanawake na watu wenye asili ya nchi za mbali walifika kwenye mazungumzo zaidi kuliko zamani. Wanawake wakapata na kazi. Wale wenye asili ya mbali hawakupata kazi zaidi. Sura ilipoonekana mlangoni, mambo yalirudi yalikokuwa. Kuficha jina hufungua mlango wa kwanza tu. Kwa bahati Mfuko wetu hauna mlango wa pili: sisi twasoma barua, hatumwiti kijana mbele ya kamati, na ningeomba tusianze.

Wapo watakaosema kuwa sisi ni wachache, twajuana kwa mwandiko na kwa habari, na hata jina likifutwa mtu atatambulika kwa neno “mama yangu anayefanya kazi ya uuguzi Huddinge”. Ni kweli. Basi karatasi ya maombi iulize mambo machache, kwa visanduku: masomo gani, gharama kiasi gani, msaada gani mwingine umepatikana, umeomba mara ngapi. Hadithi ya familia isiulizwe. Najua wengine wataliona hilo ni baridi. Hadithi zenyewe huumiza, na kuzisoma ni haki ya aliyeziandika. Lakini anayejua kuisimulia hadithi yake kwa Kiswahili kinachotuliza masikio yetu ni yule yule tuliyekwisha kumpenda.

Wapo pia wazee, na kwao hoja ni nzito zaidi, watakaosema: kumsaidia wa kwenu si dhambi, ni wajibu. Nani alitupokea tuliposhuka uwanja wa Arlanda na sanduku moja, kama si wa kwetu? Mimi nami nililala sakafuni kwa watu, na siwezi kulisahau zulia lao. Lakini fedha ya mfukoni mwangu ni yangu, nikitaka nitampa mpwa wangu yote. Fedha ya Mfuko ni ya mama wa Bukavu vilevile, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha maofisi kabla ya wenye maofisi kuja. Yeye hakutoa ada ili aisaidie jamaa yangu kwa wajibu wangu mimi.

Basi napendekeza hivi kwa mkutano mkuu ujao, na nimekwisha kumpa Katibu kwa maandishi. Kamati iandike kwanza, kabla barua hata moja haijafunguliwa, itapima nini na kila jambo lina alama ngapi. Wakishaandika, wasibadilishe mpaka mwaka mwingine. Barua zipokewe na mtu asiye wa kamati wala wa Stockholm. Mwenzetu mmoja wa Uppsala ameniambia yu tayari kukata majina kwa mkasi na kubandika namba. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake nyumbani, na karatasi ziwekwe mezani kabla mtu hajafungua mdomo, kwani tukianza kwa mazungumzo mzee ataanza, na baada ya mzee nani atasema? Wajumbe watano wasitoke wote katika nyumba tulizozizoea. Na mjomba aendelee kutoka nje kama kawaida, siondoi heshima hiyo, ila tusidhani kuwa kazi imekwisha akiwa huko.

Jambo la mwisho ndilo nitakalolishikilia hata kama mengine yote yatakataliwa. Kila mwaka ihesabiwe: walioomba ni wangapi, waliopata ni wangapi, na kwa kila fungu wangapi walitoka Visiwani, Mwambao, bara, Uganda, Kongo, Burundi na Barawa, wasichana wangapi na wavulana wangapi. Bila jina la mtu. Hesabu hiyo ichapwe ndani ya kitabu hiki hiki mwakani, ukurasa wowote Mhariri atakaoona unafaa, hata ule wa nyuma kabisa penye picha za harusi, maana huo ndio ambao hakuna asiyeufungua.